Uzi maalumu: kompyuta na terminali za zamani. Usiiwashe, usiivunje, usiiuze kwa kilo

#1 Solda_wa_Tanga

Wakuu, habari za wikendi.

Kila baada ya muda mtu anakuja humu kuuliza, "Nina kompyuta ya zamani, naweza kupata shilingi ngapi?" Majibu huwa yaleyale. Wa kwanza atamwambia aichomeke aone kama inawaka. Wa pili atamwambia aipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Gerezani, Dar, wamtolee dhahabu. Yote mawili ni hasara tupu, kwa hiyo nimefungua uzi tuyaweke haya mambo sehemu moja.

Mimi mtoto wa Tanga, maisha yamenileta Reading, Uingereza. Mji huu ulikuwa na ofisi kubwa za kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, wale DEC, na mpaka leo mitambo yao inaibuka kwenye gereji na stoo za wastaafu. Nakusanya terminali hasa. Natengeneza, nabadilishana na wenzangu, nauza chache ili zilipie zinazobaki.

Kwa asiyejua, terminali ni skrini na kibodi tu, zimeungwa kwa waya hadi kwenye kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba chake chenye kiyoyozi. Watu kadhaa wanaitumia kompyuta hiyo moja kwa wakati mmoja, kila mtu na terminali yake mezani. Haina diski, haihifadhi faili. Unachobonyeza inakituma, inachotumiwa inakionyesha, basi.

VT100 ya DEC ilitoka 1978. Ndani ina prosesa ya Intel 8080, skrini inaonyesha mistari 24 yenye herufi 80 au 132. Zile amri zake za kusogeza kielekezi, kufuta mstari na kukoleza herufi ndizo zinazotumika mpaka kesho. Ukifungua programu kama PuTTY kuingia kwenye seva ya ofisi, lile dirisha jeusi linaiga terminali ya ukoo huo. Ndiyo maana ukichukua VT220 ya mwaka 1983 ukaiunga kwenye laptop yenye Linux ya leo, vinaelewana bila kuongeza programu yoyote.

Sasa tuje kwenye kichwa cha uzi. Ukipata mashine iliyolala stoo miaka mingi, USIIWASHE. Najua mkono unawasha. Subiri.

Sababu ya kwanza ni kapasita (vile vifaa vidogo vya kutunza chaji) za kwenye njia ya umeme wa ukutani. Mashine nyingi za miaka ya 80 zina kapasita za karatasi za RIFA, utazitambua kwa gamba la plastiki ya manjano linalopitisha mwanga. Gamba hilo likizeeka linapata nyufa nyembamba, unyevu unaingia, karatasi inalowa. Ukichomeka mashine inaweza kufanya kazi vizuri kabisa kwa dakika kadhaa, halafu paa! Moshi mzito, na harufu haitoki sebuleni upesi. BBC Micro, ile kompyuta ya kampuni ya Acorn iliyotoka Desemba 1981, inajulikana sana kwa hili. Mara nyingi ni moshi tu, mashine yenyewe inapona. Ila kwa nini usubiri moshi? Zitoe, weka mpya za daraja la X2 (za umeme wa ukutani), kazi ya saa moja.

Sababu ya pili ni betri. Bodi nyingi za kompyuta zenye prosesa za 386 na 486, na kompyuta ya Amiga 2000 pia, zina betri ya nikeli-kadimiamu ya volti 3.6 iliyosoldwa juu ya bodi. Ikizeeka inavuja, na kile kimiminika ni alkali kinachokula njia za shaba mpaka ndani ya soketi za chipu. Hii hata usipoiwasha inaendelea kula. Kata betri leo hii, ukisoma uzi huu. Pale ilipovuja pitisha siki kidogo kwa mswaki ili kuua alkali, suuza, malizia na alkoholi safi, acha ikauke kabisa.

Ya tatu, wale mnaoletewa vitu kutoka Marekani, tazameni swichi ndogo nyekundu nyuma: 115 au 230. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwetu, hakuna cha kujadili tena.

Na ya mwisho kwa leo: kama ina tyubu ya picha na hujawahi kufungua TV ya zamani, usifungue. Kwenye ile waya nene inayoingia ubavuni mwa tyubu kuna zaidi ya volti 10,000, na chaji inaweza kubaki hata mashine ikiwa imezimwa.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimeshakaa, kahawa ipo, kashata ipo. Shusha nondo mkuu.

#3 Gerezani_Boy

Mkuu Solda, mimi ndiye huyo wa Gerezani unayemsema. Tuongee ukweli. Mzigo ukiingia asubuhi, jioni watu wanataka hela yao. Mteja wangu analipa kwa kilo na analipa leo. Wewe unaniambia nikae na lidubwasha la kilo kumi na kitu mpaka mzungu aje kulinunua? Nani kwa Dar hii?

#4 Solda_wa_Tanga

Gerezani_Boy heshima yako, swali lako ni la haki. Ngoja nikujibu kwa hesabu za biashara yako mwenyewe.

Dhahabu ipo kwenye baadhi ya chipu, hasa prosesa za kauri. Pentium Pro ndiyo inayoongoza kwa wanaochenjua, na 486 za kauri nazo wanazitaka. Terminali haina kitu hicho. Ivunje uone kilichomo: plastiki, kioo kizito chenye madini ya risasi ambacho hakuna anayekitaka, shaba kidogo kwenye koili iliyozunguka shingo ya tyubu, bodi moja au mbili za kawaida. Umehangaika nusu saa, umejiweka kwenye hatari ya kioo kulipuka kwa ndani, na ukipeleka kwenye mizani unapata hela ya chapati. Kati ya mitambo yote unayopokea, terminali ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote ikivunjwa, na ndiyo ambayo ikibaki nzima kuna mtu anaitafuta.

Sikuambii ukae na kila kitu. Pentium 4 za maofisini, monita za kawaida za Windows, printa zilizovunjika, endelea na kazi yako. Weka pembeni hivi: chochote chenye nembo ya Digital au DEC, Wyse, Televideo, IBM yoyote yenye kibodi nzito inayopiga kelele, chochote cha Acorn, Sinclair, Commodore, na vitabu. Usichome vitabu vya maelezo! Kitabu cha michoro ya umeme kinaweza kuwa na thamani kuliko mtambo wenyewe, kwa sababu ndicho kinachofufua mitambo mingine.

Halafu piga picha lebo ya nyuma, iweke humu. Kupiga picha ni bure.

#5 Luthuli_Ave

Salamu kutoka Nairobi. Mimi huwa nanunua kibodi. Niko wazi. IBM Model M ya 1985 kuendelea, na zile za terminali za IBM za zamani zaidi, watu huko nje wanazigombania kwa vile zinavyobonyezeka. Kwa hivyo kama mna kibodi bila skrini, nitumieni ujumbe.

#6 Solda_wa_Tanga

Luthuli, kibodi bila skrini sina neno. Shida ni nyie mnaonunua terminali nzima, mnachomoa kibodi, skrini inatupwa. Hapa Uingereza kila wiki naona skrini inauzwa "bila kibodi". Terminali bila kibodi yake ni pambo tu, maana kibodi ya VT haiingiliani na ya Wyse, na ya Wyse haiingiliani na ya IBM. Huwezi kuchomeka ya USB. Ushauri kwa wanunuzi wote: kama kibodi haipo, bei inashuka sana au unaondoka.

#7 Fundi_Redio_Moro

Vijana hamjambo. Nimesoma toka mwanzo. Nimetengeneza redio na televisheni hapa Morogoro toka enzi za Philips za mbao, na zilipokuja hizi bapa wateja wakapotea. Sasa nikitazama huo mtambo mnaousifia naona televisheni isiyo na chaneli. Flaibeki (transfoma ya volti kubwa ya tyubu) ipo, koili za shingoni zipo, pawasaplai ipo. Mnachoogopa nini?

#8 Solda_wa_Tanga

Shikamoo mzee wangu. Wewe ndiye niliyekuwa namsubiri. Huku mafundi wa tyubu wamezeeka na wengi wamefunga vibanda, vijana wanajua programu lakini wanaogopa flaibeki. Kwetu bado mpo.

Nikupe kisa. VT220 moja niliyopata ilikuwa inaonyesha mstari mmoja mlalo katikati ya skrini, mweupe, mkali, juu na chini giza.

#9 Fundi_Redio_Moro

Marahaba. Hiyo ni vatiko imekufa, sehemu inayotandaza picha juu na chini. Kwanza unapunguza mwanga upesi, la sivyo mstari unaunguza fosfa, ule unga unaong'aa ndani ya kioo, na alama haifutiki. Halafu hutafuti mbali: solda za kwenye soketi ya waya zinazokwenda kwenye koili, na miguu ya ile chipu yenye kipande cha bati ya kupozea joto. Vinapata moto, vinapoa, vinapata moto, solda inaachia duara jembamba kuzunguka mguu. Huoni mpaka uweke taa kwa pembeni. Ukiisolda upya na bado, basi ni kapasita kubwa inayopeleka mawimbi kwenye koili, imekauka.

#10 Solda_wa_Tanga

Ilikuwa hiyo hiyo mzee. Duara jembamba kwenye miguu miwili ya soketi. Nilitoa solda yote ya zamani kwanza, maana ukiongeza mpya juu ya ile iliyochoka inarudi tena. Bila kununua kifaa hata kimoja.

Tufundishe unavyowasha mtambo uliolala.

#11 Fundi_Redio_Moro

Kwanza nafungua na kusafisha. Msione aibu kusema, huku kwetu ndani ya mtambo mnaishi viumbe. Mende wanapenda joto la transfoma, mijusi wanataga kwenye kona ya chasi, na mkojo wa mjusi unakula bodi vibaya. Ukanda wa pwani ongeza chumvi ya hewa: bati inapata kutu, miguu ya chipu kwenye soketi inaota kitu cha kijani.

Kabla sijagusa, chaji ya tyubu. Bisibisi ndefu ya mpini wa plastiki, waya wenye klipu umeungwa kwenye chuma cha chasi na mwisho mwingine kwenye bisibisi. Mkono mmoja mfukoni. Naingiza ncha taratibu chini ya kikombe cha mpira cha ile waya nene ya ubavuni mwa tyubu mpaka nisikie "ta". Narudia, kwa sababu chaji hujirudisha kidogo.

Halafu umeme. Sichomeki moja kwa moja. Naunga balbu ya zamani ya waya, wati 100, mfululizo na waya wa moto. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, zima. Ikiwaka mara moja ikafifia, tuko salama. Kwa LED haifanyi kazi, tafuteni zile za kizamani.

#12 Luthuli_Ave

Mzee, kwa heshima, hiyo balbu ilikuwa nzuri kwa TV za transfoma. Pawasaplai za kuswichi zikikosa umeme wa kutosha zinajaribu kuanza, zinashindwa, zinajaribu tena. Utaona balbu inapepesa ukadhani mtambo ni mbovu.

#13 Fundi_Redio_Moro

Umesema kweli, na TV za mwisho mwisho zilikuwa hivyo hivyo. Kupepesa sikuhesabu kuwa ubovu. Balbu haiko pale kutoa hukumu, iko pale ili transista isilipuke. Ikipepesa naongeza balbu ya pili sambamba. Ikiendelea, nachomoa pawasaplai kwenye bodi naipima peke yake. Ila usiiwashe ikiwa tupu, nyingi hazitulii bila mzigo. Mimi natumia taa ya indiketa ya bodaboda, volti 12, wati 21. Nabana kwenye njia ya volti 5, inawaka njano hafifu, napima na mita. Ikisoma 5 na kutulia ndiyo naiamini, naiunga na bodi.

#14 Solda_wa_Tanga

Wanaotaka pesa ya haraka someni #13 mara mbili. Volti 5 ikipanda ikawa 7 kwa sekunde chache, chipu za kumbukumbu zinaweza kwenda zote. Adapta za Commodore 64 ndizo maarufu kwa kuua hivyo: zinazeeka, volti inapanda, mashine inakufa mezani ukiitazama. Pima adapta kabla ya kuichomeka, kila mara.

#15 Swali_Jepesi

Faida yake nini lakini? Simu yangu ina nguvu kuliko hayo madude yote mkiyajumlisha.

#16 Solda_wa_Tanga

Ina nguvu, ndiyo. Prosesa ya simu yako karibu hakika ni ARM. Hiyo ARM ilibuniwa Cambridge na watu wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, na chipu ya kwanza ilipowasili Aprili 1985 waliijaribu kwa kuiunga kwenye BBC Micro. Hilo dude unalolicheka ndilo lililoishika mkono.

Lakini kama unauliza faida ya hela, punguza matarajio. Watu wamesikia Apple-1 iliyouzwa dola 905,000 mwaka 2014 kwa jumba la makumbusho la Henry Ford, basi kila mwenye Macintosh ya zamani anajiona tajiri. Apple-1 zilitengenezwa kama 200 tu, mwaka 1976, bei ilikuwa dola 666.66. Terminali na kompyuta za kawaida za nyumbani hazikaribii huko hata kidogo. Ukitaka kujua bei, usitazame kiasi ambacho wauzaji wanaomba, tazama zilizokwisha kuuzwa. Na muuzaji akiandika "haijajaribiwa" kwenye kitu cha umeme ambacho soketi iko mita moja kutoka alipokipigia picha, wewe mwenye akili utajaza.

#17 Mtoto_wa_Hazina

Mbona kwetu Tanzania vya miaka ya 70 havionekani kabisa? Kenya naona angalau.

#18 Solda_wa_Tanga

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ICT 1500 kutoka Uingereza. Lakini 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Zuio lilikuja kulegea kidogo kidogo, na likaondoka miaka ya 90. Kwa hiyo bara, kipindi ambacho wenzetu walikuwa wanapokea VT100 na ndugu zake, mlango ulikuwa umefungwa. Cha kutafuta kwetu ni cha mwisho wa miaka ya 80 na 90: miradi ya wafadhili, misheni, vyuo, mabenki, mashirika ya ndege. Stoo ambazo mwenye ufunguo alistaafu na ufunguo wake.

Kuna jambo moja tunalofaidi. BBC Micro na Spectrum ya Sinclair zilitengenezwa kwa umeme wa volti 240, plagi ya pini tatu za mraba na mfumo wa picha ya TV wa PAL. Vyote hivyo ndivyo vya kwetu. Mmarekani anayekusanya mashine za Kiingereza anahangaika na transfoma, sisi tunachomeka. (Baada ya kufuata #11, sio kabla.)

#19 Kiti_cha_Mbele

Uzi una madini huu. Mods ubandikeni juu.

#20 Mama_Kilosa

Kaka Solda, habari. Mimi sio mtaalamu, naomba mnisaidie. Mzee wangu alikuwa mtunza stoo wa mradi fulani huku Kilosa, mradi ulifungwa zamani. Kuna kitu kama TV ndogo yenye kibodi ndefu. Hakuna pa kuingiza flopi. Nyuma kuna tundu dogo kama la waya wa simu ila plagi ya simu inagoma kuingia. Mume wangu anataka aichomeke usiku huu aone.

#21 Solda_wa_Tanga

Dada, mwambie shemeji asubiri! Hilo tundu lina kibanio kimekaa pembeni badala ya katikati? Kama ndiyo, hiyo karibu hakika ni DEC, fujo hiyo ni yao. Geuza kibodi, chini kuna kibandiko. Soma kimeandikwa nini. Na kibandiko cha nyuma ya skrini pia, pamoja na volti.

#22 Mama_Kilosa

Kibanio kiko pembeni kweli. Kibodi imeandikwa LK201. Nyuma ya skrini VT320, na volti inasema 220 hadi 240. Picha nimeweka, samahani vumbi.

#23 Solda_wa_Tanga

VT320, mtoto wa 1987. Na kibodi ipo! Hiyo LK201 itazame vizuri: vishale vinne vimekaa umbo la T iliyopinduliwa, na pembeni kuna tarakimu peke yake. Kibodi karibu zote za leo zimeiga mpangilio huo.

Mzee Fundi, Kilosa na Morogoro si mbali?

#24 Fundi_Redio_Moro

Aje nayo. Ila mama, tyubu isafiri ikilalia uso wake juu ya godoro au blanketi nene, shingo iangalie juu. Uzito wote uko mbele kwenye kioo, na shingo ya nyuma ni nyembamba kama kidole. Kibodi ifungwe peke yake, isiwe juu ya skrini.

#25 Solda_wa_Tanga

Naunga mkono kwa machungu. Kampuni moja ya usafirishaji huku iliniletea terminali iliyofungwa kwa magazeti tu. Boksi zima, halina hata mkunjo. Ndani shingo imekatika, hewa imeingia, tyubu imekwisha. Hiyo haitengenezeki kwa fundi yeyote.

#26 Fundi_Redio_Moro

Mtambo wa mama umefika. Taarifa:

Ndani vumbi jekundu la reli, mayai makavu ya mjusi manne kwenye kona ya chasi, waya haujagugunwa. Bodi safi. Kapasita moja kwenye pawasaplai imevimba kichwa na imetema kidogo chini yake, nimebadili, pamoja na mbili za jirani yake ambazo mita ilisema zimechoka. Balbu ya mfululizo ikawaka, ikafifia. Volti zote zimetulia. Nimerudisha, nimewasha. Kimya kidogo, mlio mmoja wa kibodi, halafu katikati ya skrini kwa herufi za rangi ya chungwa: VT320 OK.

Mama amepiga vigelegele hapa kibandani, majirani wamekuja wakidhani kuna harusi.

#27 Gerezani_Boy

Mama nakupa bei mara tano ya kilo. Nimeshajifunza.

#28 Luthuli_Ave

Mama, kibodi peke yake unaniuzia? Nitumie bei.

#29 Mama_Kilosa

Hapana jamani, wote wawili ahsanteni. Kijana wangu anasoma mambo ya kompyuta Dodoma, ana laptop ya Linux, ameshasema haiuzwi mpaka aiunge. Tunaiungaje?

#30 Solda_wa_Tanga

Anahitaji adapta ya USB kwenda seria yenye pini 9, zinapatikana Kariakoo. Kwa upande wa terminali, achukue plagi ya simu ya nyaya sita, akate kibanio chake kwa wembe, itaingia.

Nyaya: pini 2 ya terminali ndiyo inayotuma, iende pini 2 ya laptop. Pini 5 ya terminali ndiyo inayopokea, itoke pini 3 ya laptop. Pini 3 na 4 za terminali ziungwe pamoja ziende pini 5 ya laptop. Zilizobaki aziache. Asipokuwa na uhakika ni upande gani kuanza kuhesabu, awashe terminali, apime kwa mita dhidi ya zile mbili za katikati. Njia inayotuma ikiwa imetulia husoma volti hasi, kama 5 hivi. Hiyo ndiyo pini 2.

Kwenye terminali bonyeza F3, inafungua ukurasa wa mipangilio. Kasi 9600, biti 8, bila pariti, XOFF (terminali kuiambia laptop ingoje) iwe imewashwa, halafu aihifadhi isipotee akizima. Kwenye laptop:

sudo systemctl start serial-getty@ttyUSB0.service

Abonyeze Enter kwenye terminali, itamuuliza jina la kuingilia.

#31 Mama_Kilosa

Anasema zinatoka herufi za ajabu ajabu, maswali na mabano.

#32 Solda_wa_Tanga

Kasi hazilingani. Laptop inasema 115200, terminali haifiki huko, mwisho wake 19200. Aandike hii kwanza aone kama njia ni nzima, terminali ikiwa 9600:

sudo agetty 9600 ttyUSB0 vt320

#33 Mama_Kilosa

Imekubali! Ameandika "Karibu Kilosa" kwenye laptop, ikatokea kule kwa rangi ya chungwa. Baba yake amekaa mbele yake toka saa kumi. Swali lake la mwisho: akitazama faili refu, mistari ya katikati inarukwa. Na anatumia vi, programu ya kuandikia, anasema kibodi haina Esc.

#34 Solda_wa_Tanga

Kurukwa ni kwa sababu laptop inamwaga herufi haraka kuliko terminali inavyozichora. Terminali ikizidiwa hutuma Ctrl-S kusema ngoja, na Ctrl-Q kusema endelea, lakini Linux lazima iwe inasikiliza. Aandike: stty ixon. Kama bado, arudi F3 ahakikishe XOFF haijazimwa.

Esc kweli haina. Kwenye hali ya VT100, F11 ndiyo Esc, ila hapo funguo nyingine za juu zinapoteza kazi. Abaki kwenye hali ya VT300 na atumie Ctrl pamoja na mabano ya mraba ya kufungua. Vidole vitazoea.